Gripu za Joto na Umeme wa Pikipiki: Mnunuzi wa Bonde la Kilombero Aulize Nini?

Tunafahamu kwamba saa moja ya kijiweni ni fedha, na kwamba wengi wenu mnayo hesabu ya kupeleka kwa mwenye chombo jioni. Kwa hiyo hatutazunguka.

Somo letu ni gripu za joto, yaani ile mipira ya kushikia usukani iliyotiwa nyaya ndani yake ili ipate moto kwa umeme wa pikipiki. Huenda baadhi yenu mnashangaa. Katika mji ambao jasho humtoka mtu kabla ya saa tatu asubuhi, nani ana haja ya kupashwa viganja? Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba safari zenu haziishii Ifakara. Mwendesha pikipiki huvuka mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, akapita Minepa na Lupiro, kisha akaanza kuupanda mlima kuelekea Mahenge katika ukungu na manyunyu. Na wapo vijana wa bonde hili waliokwenda kufanya kazi hii hii Mufindi, Njombe na Makete, ambako mwezi wa Juni na Julai vidole hukakamaa kweli. Ya pili ni kwamba kifaa hiki ni darasa zuri. Makosa yanayofanyika katika kununua taa za ziada, chaja ya simu, honi kubwa au spika ya muziki yote yamo ndani ya gripu za joto, tena kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu hula umeme mwingi na hukaa mahali pale pale mkono unapoamuru mafuta yaende au yasiende.

Kijana mmoja mwenye pikipiki ya mkataba alitufikia na mfuko wa nailoni wenye nyaya zilizoungua. Alikuwa amezinunua gripu za joto kwa njia ya simu kutoka kwa muuzaji wa mjini, zikaletwa kwa basi, bila risiti. Fundi wa kando ya barabara alizifunga kwa nusu saa: waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye hasi, ncha zikasokotwa na kuzungushiwa tepu. Fyuzi haikuwekwa. Baada ya wiki chache waya ulisuguliwa kwenye shingo ya usukani kila alipokata kona, mpira wake ukachubuka, shaba ikagusa chuma. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa uani usiku, funguo imetolewa. Harufu ndiyo iliyomwamsha. Aliwahi kuchomoa betri kabla moto haujafika chini ya tangi la petroli.

Chombo kililala wiki tatu. Mwenye pikipiki alidai hesabu zake kama kawaida. Muuzaji hakupokea simu tena. Fundi alisema bidhaa ilikuwa mbovu, na tunaamini kwamba kama muuzaji angepatikana, angesema fundi ndiye mbovu. Hasara ilibaki kwa yule ambaye alikuwa bado anadaiwa miezi minne ya mkataba.

Tulipomwuliza alinunua gripu hizo kwa ajili ya nini, jibu lake lilitushughulisha kuliko moto wenyewe. Alisema vidole vyake vilikuwa vinakufa ganzi akifika Lupiro. Lakini Lupiro ni bondeni, ndugu zetu. Lupiro hakuna baridi ya kuua vidole. Gripu zake za zamani zilikuwa zimelika hadi zikawa laini na ngumu kama mfupa, na bolti moja ya kushikilia injini ilikuwa imelegea. Kilichokuwa kinampa ganzi ni mtetemo. Tena mtu anayeshika gripu iliyolika huikamata kwa nguvu zaidi ili isimponyoke, na kadiri anavyoikamata ndivyo mtetemo unavyopanda mkononi. Gripu mpya za mpira mnene, za kawaida kabisa, pamoja na spana ya fundi kwenye bolti ile, zingemponya kwa sehemu ndogo ya fedha alizotumia.

Kwa hiyo swali la kwanza halimhusu muuzaji. Linamhusu mnunuzi mwenyewe. Mikono inaumia kwa sababu ya baridi, kwa sababu ya maji, au kwa sababu ya mtetemo? Kanuni ya jumla ni kwamba hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari na Mahenge inakaribia mita 1,000. Tofauti ni nyuzi 4 au 5 hivi. Hiyo peke yake haimlazimu mtu kununua kifaa cha umeme. Kinachowatesa wasafiri wa Mahenge ni mikono iliyolowa ikipigwa na upepo, kwa maana maji yakikauka juu ya ngozi huondoka na joto la mwili. Dawa yake ni kuzuia maji na upepo: glovu zisizopitisha maji, au zile kinga za turubai au ngozi zinazofungwa kwenye usukani na kuufunika mkono mzima pamoja na klachi na breki. Kinga hizo hazili umeme, fundi wa viatu anaweza kuzishona, na hata zikichanika hazichomi chombo. Zishonwe tu kwa nafasi ya kutosha ili mkono uingie na kutoka upesi na breki isikwame kwenye kitambaa.

Njombe ni jambo jingine. Huko mji umekaa karibu na mita 2,000, na anayetoka kabla ya jua kuchomoza hukutana na baridi ya kweli. Hata hivyo gripu za joto hupasha kiganja tu. Mgongo wa mkono, unaopokea upepo, hubaki vile vile. Anayezinunua bila kinga ya upepo atazifungulia mpaka mwisho, aungue kiganja na bado agande vidole kwa nje. Ushauri wetu ni kinga kwanza. Na kama bado haitoshi, ndipo gripu.

Sasa tuje kwenye umeme, na hapa tunaomba subira yenu, kwa sababu hesabu hii haipo kwenye boksi la bidhaa yoyote.

Pikipiki haina umeme isiouzalisha yenyewe. Sumaku inazunguka na injini, koili zinatoa umeme, regyuleta inaunyoosha na kuupeleka kwenye betri na taa. Pikipiki nyingi mnazozitumia hapa ni za cc 100 hadi 150, na watengenezaji wake walikadiria umeme wa kutosha mahitaji waliyoyaweka wao wenyewe, na ziada ndogo. Tuchukue pikipiki yenye taa ya mbele ya wati 35 na taa ya nyuma ya wati 5. Hizo ni wati 40 mfululizo usiku. Ukikanyaga breki, ongeza wati 21. Ukiwasha indiketa, taa mbili za wati 10, ongeza 20. Tumefika wati 81 kabla hujafunga chochote. Gripu za joto za kawaida hudai wati 30 hadi 50 kwa jozi. Zikiwa za wati 36, jumla ni wati 117. Je, koili zako zinatoa kiasi hicho? Jibu limo katika kijitabu cha pikipiki au kwa wakala wa aina hiyo ya pikipiki. Tena kiasi kinachoandikwa hupatikana injini ikizunguka kwa kasi. Unapokokota gia ya kwanza katika matope ya masika ya kuelekea Mlimba au Malinyi, umeme unaozalishwa ni mdogo zaidi, na pungufu lote hulipwa na betri.

Na betri nayo si ghala lisilokwisha. Wati 36 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea 3. Betri ya ampea 5 kwa saa, ikiwa mpya na imejaa, itaisha kabisa kwa muda usiofika saa mbili injini ikiwa imezimwa. Na itakosa nguvu ya kuzungusha stata mapema zaidi ya hapo. Hivyo ukisubiri abiria huku umeziacha zinawaka, usishangae pikipiki ikikataa kuwaka. Tunawaonea huruma hasa wale ambao tayari wamefunga taa za LED mbele, chaja ya simu na spika: kila kimoja kilionekana kidogo siku kilipofungwa, na hakuna aliyevijumlisha.

Kwa sababu hiyo, bidhaa ambayo boksi lake halitaji wati wala ampea msiinunue, hata kama bei inavutia. Inayofaa hutaja volti 12 na wati zake. Ina swichi ya kupandisha na kushusha joto kwa hatua. Na zile bora hujizima zenyewe volti za betri zikishuka mno. Hicho cha mwisho ni kitu cha kulipia zaidi.

Kuna namna tatu sokoni. Iliyo bora ni gripu kamili inayochukua nafasi ya ile ya zamani. Ya pili ni utepe mwembamba wa joto unaobandikwa chini ya gripu ya kawaida. Ni wa bei nafuu, lakini ukiubandika na mkunjo ndani, mahali pa mkunjo patakuwa na moto mkali kuliko kwingine. Ya tatu ni kitambaa cha kufunga juu ya gripu iliyopo. Hiki hunenepesha mshiko, na kinaweza kuteleza na kuzunguka peke yake mkononi. Kwa upande wa mafuta, kifaa kinachozunguka peke yake ni hatari, nasi hatukishauri kwa mtu anayebeba abiria.

Pimeni pia vipenyo. Usukani wa pikipiki nyingi ndogo una unene wa milimita 22, lakini gripu ya kulia haivai usukani. Inavaa bomba la plastiki linalovuta waya wa mafuta, kwa hiyo tundu lake ni pana zaidi. Jozi ambayo gripu zote mbili zina tundu sawa ina walakini. Na kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau: upande wa kushoto gripu imekaa juu ya chuma, na chuma hunyonya joto, upande wa kulia imekaa juu ya plastiki, ambayo hainyonyi. Watengenezaji makini huufanya upande wa kushoto uwe na nguvu zaidi na kuuwekea alama. Mkifunga bila kuangalia alama, mtaungua kulia na kupata uvuguvugu kushoto.

Tunaomba sasa kila mwenye pikipiki asikilize, hata yule ambaye hatanunua gripu ya joto maisha yake yote, kwa sababu hili linahusu gripu yoyote inayobadilishwa. Gripu ya kulia lazima irudi yenyewe. Ikisukumwa ndani sana ikagusana na kikasha cha swichi, au gundi ikivuja ikaingia kwenye bomba, au waya wa joto ukiwa mfupi na kuvutika, utafungua mafuta na hayatafunga. Kwenye mteremko wa Mahenge, ukiwa na abiria na gunia la mchele, hutapata nafasi ya pili ya kujifunza. Kabla ya kumlipa fundi, injini ikiwa imezimwa, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho kisha uachie. Urudi kwa mlio wa tak. Fanya hivyo usukani ukiwa umenyooka, kisha umekatwa kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Ukisita hata mara moja, kazi haijaisha. Iache pia nafasi ndogo, milimita 1 au 2, kati ya gripu na kikasha cha swichi.

Kuhusu ufungaji wenyewe, mafundi mliopo hapa mnajua kuliko sisi. Tunachosema ni kile ambacho mteja ana haki ya kukidai. Adai fyuzi karibu kabisa na chanya ya betri; kwa mzigo wa ampea 3, fyuzi ya ampea 5 inafaa, na kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni sawa na kutoiweka. Adai umeme upite kwenye rilei inayofunguliwa na swichi ya funguo, ili ukitoa funguo kila kitu kizime. Kijana wetu angekuwa na vitu hivyo viwili, asingeamshwa na harufu usiku. Maungio yatiwe risasi na kufunikwa vizuri, kwa sababu tepu ya kawaida huachia ikipata jua na maji. Nyaya zisipite karibu na ekzosi, na kwenye shingo ya usukani ziachiwe ulegevu wa kutosha.

Tena, si kila mkono unafaa kuwekwa juu ya kitu cha moto. Mtu ambaye ugonjwa wa kisukari umempunguzia hisia za vidole, au aliyewahi kuugua ukoma, anaweza kuungua bila kuhisi. Bonde hili linaujua ukoma na limewahudumia wagonjwa wake kwa miaka mingi. Tunalisema bila kumwonea mtu haya. Na ganzi isiyoondoka hata siku ambayo hukuendesha ipelekwe hospitali, siyo dukani.

Tukiingia dukani, sheria ipo upande wenu kuliko mnavyodhani, ila inahitaji mdomo wenu na karatasi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwa maana ya jumla kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa hizo matumizi anayokusudia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Anayeingia na kusema tu “nipe hizo gripu” amejinyima kinga hiyo. Semeni: “Pikipiki yangu ni ya aina fulani, cc 125, tayari ina taa mbili za ziada, hizi zitaifaa?” Kisha ombeni aina ya pikipiki iandikwe kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Wapo hapa waliotuambia kwamba wangependa wateja waulize hivyo, maana bidhaa hurudi kwao kwa sababu ya kutoulizwa. Sheria hiyo hiyo ina upande wa pili: kasoro ambayo ungeiona kwa macho ulipoikagua bidhaa, ni vigumu kuidai baadaye. Basi kagueni pale pale, na mwombe zijaribiwe kwenye betri ya dukani.

Risiti iwe ya mashine ya kielektroniki. Kuidai ni wajibu wa mnunuzi pia, na bila hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba bidhaa ilitoka duka lile. Kuhusu alama ya TBS, tusahihishe dhana moja: kuna bidhaa zinazoingia nchini kwa kukaguliwa ubora huko zinakotoka, na huenda zisiwe na alama hiyo juu yake. Kwa hiyo kukosekana kwa alama peke yake si ushahidi wa ubandia. Lakini jina na mahali alipo mwingizaji vijulikane. Boksi lisilo na jina la mtengenezaji, lisilo na wati, lenye maandishi yaliyokosewa, hilo ni la kuachwa. Bidhaa bandia na matangazo ya kuhadaa hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyo chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka 2003. Ubora na usalama wa bidhaa ni wa Shirika la Viwango.

Mnaoagiza kwa simu, hifadhini ujumbe wote na uthibitisho wa malipo, na mfungue mzigo mbele ya karani wa basi huku mkiupiga picha. Bidhaa ikileta tatizo, acheni kuitumia, msimruhusu fundi aifumue, hifadhini boksi, mwandikieni muuzaji kwanza, na gharama yoyote ya matengenezo iwe na karatasi. Kijana wa mfuko wa nailoni alikuwa na nyaya tu. Tulimsikiliza, lakini hatukuwa na mtu wa kumwandikia barua.

Nje, chini ya mwembe, yupo fundi mwenye mita ya umeme. Kila mwenye pikipiki atapimiwa bure. Kwanza betri ikiwa imepumzika: inapaswa kuwa karibu na volti 12.6. Kisha injini ikiwashwa kwa mzunguko wa kati, taa zote na kila kilichoongezwa kikiwa kinafanya kazi: mita ikisoma 13.5 au zaidi kidogo, umeme unatosha. Ikishuka chini ya 12.8, pikipiki hiyo tayari inakula akiba yake na haina nafasi ya kifaa kingine. Waliofunga spika wajipange mbele.